Kiingereza vyuoni: Tusikilaumu Kiswahili, tukitumie

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleykum. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme jambo juu ya Kiingereza cha wanafunzi wa vyuo vyetu, Unguja na Pemba. Lawama tumeshazizoea. Mwajiri akipokea barua ya maombi iliyojaa makosa, mhadhiri akisahihisha insha asiyojua pa kuishika, mzazi akimsikia kijana wa mwaka wa pili anababaika mbele ya mgeni, mshtakiwa ni mmoja tu: Kiswahili. Husemwa kwamba Mzanzibari anazungumza Kiswahili kutwa kucha, barazani, sokoni na garini, ndiyo maana Kiingereza hakimkai. Na dawa inayopendekezwa nayo ni moja: Kiswahili kipigwe marufuku ndani ya uzio wa chuo.

Sisi tunaosomesha somo lenyewe hatulioni hivyo. Kiswahili hakikuwazuia wazee wetu kuhifadhi juzuu thelathini kwa Kiarabu, na hakimzuii kijana wa leo kusoma sheria, uhasibu au sayansi ya bahari kwa Kiingereza. Tatizo ni kwamba anakisoma Kiingereza kwa namna ambayo asingethubutu kuhifadhia Kurani. Chuo cha Kurani kina utaratibu unaojulikana na kila mtoto wa mtaani: darsa jipya ni fupi, la jana linasikilizwa kwanza kabla ya la leo, na juzuu zilizopita zinarudiwa kwa zamu, maana kisichodurusiwa kinaondoka. Akishafika chuo kikuu, mtu huyo huyo ananakili orodha ya maneno 100 usiku wa kuamkia mtihani, na kesho yake orodha inabaki dahalia, haiguswi tena.

Tuanze na maneno, kwa sababu hapo ndipo jasho jingi linapomwagika bure. Wanafunzi wengi wanapenda maneno ya fahari. Utamkuta mtu analijua "plethora" na "conundrum" lakini hajui tofauti ya "derive" na "indicate", ambayo yote mawili yamo katika kila ukurasa wa kitabu chake cha somo. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno ya kawaida ya Kiingereza yapatayo 2,000, yale ya kuendea sokoni na kusomea hadithi. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichambua maandishi ya vyuo vikuu yenye maneno kiasi cha milioni 3.5 kutoka fani za sanaa, biashara, sheria na sayansi, akayaweka kando yale 2,000, akatafuta yanayojirudia katika fani zote. Alipata familia 570 za maneno, yaani kila neno pamoja na jamaa zake, nazo huchukua karibu asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma. Kwa kifupi, katika kila maneno kumi ya kitabu cha chuo, moja linatoka humo: "assume", "occur", "vary", "establish", "constitute", "significant".

Haya ndiyo maneno yatima. Mhadhiri wa uchumi hayafundishi, kwani anaona si ya fani yake. Wala hayapatikani kwa kuzungumza. Mwanafunzi anaweza kuongea Kiingereza kutwa nzima mkahawani asikutane na "derive" hata mara moja. Kwa hiyo wanaotaka kupiga marufuku Kiswahili wajue kwamba hata wakifanikiwa watapata vijana wanaosalimiana kwa Kiingereza tu, na kitabu kitabaki kigumu vile vile.

Orodha ya Coxhead imegawiwa mafungu kumi kwa kadiri neno linavyojitokeza. Mafungu tisa yana familia 60 kila moja, la kumi lina 30. Hesabu yake inaingia vizuri katika mwaka wa chuo. Maneno manne kwa siku, siku tano kwa wiki, ni 20. Wiki 15 za muhula ni 300, yaani mafungu matano kamili. Muhula wa pili unabaki na 270, ambayo hayamalizi hata wiki 14. Siku ya sita isiingie neno jipya, iwe ya kudurusu tu. Ijumaa watu wapumzike.

Chombo cha kazi ni kadi. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa nusu mara tatu inatoa kadi nane, kwa hiyo karatasi tatu kwa wiki zinatoa 24: ishirini za maneno na nne za kuandika upya zilizoharibika. Tumia manila, si karatasi ya kuchapia. Karatasi nyembamba huonyesha wino wa upande wa pili, na mwanafunzi huwa anasoma jibu bila kujijua, akadhani anakumbuka.

Upande wa mbele usiandike neno. Andika sentensi fupi kutoka kwenye noti zako za somo na uache pengo lenye herufi ya kwanza tu: "Prices v____ from one market to another." Upande wa nyuma uwe na mambo manne: neno lenyewe, maana ya Kiswahili inayofaa katika sentensi ile, hapa ni kutofautiana, jamaa zake, yaani "variable", "variation", "variety", "various", na maneno linayotembea nayo, kwa mfano "vary widely" na "vary from... to". Chini ya silabi inayokazwa piga mstari. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu daima, Kiingereza hakina desturi hiyo: "analyse" hukazwa mwanzo, "analysis" ya pili, "analytical" ya tatu. Asiyeweka mstari atasoma neno miaka mitatu, siku akilisikia mdomoni mwa mhadhiri mgeni asilitambue.

Juu ya jamaa za maneno, mwanafunzi wetu ana mtaji ambao haambiwi kuwa anao. Anayejua kwamba soma, somo, msomaji, usomaji, kisomo na somesha ni mti mmoja, hahitaji kufundishwa wazo lenyewe. Anahitaji tu kuonyeshwa kwamba Kiingereza hujenga zaidi mwishoni mwa neno pale ambapo sisi tunajenga pia mwanzoni: "-tion", "-ment" na "-ity" hufanya kazi inayokaribia u- yetu ya dhana, na "-er" ile m- ya mtendaji.

Kadi zikishaandikwa ziwekwe katika boksi la viatu lililogawiwa vyumba vitano kwa vipande vya kadibodi. Utaratibu huu ulienezwa miaka ya 1970 na Sebastian Leitner, aliyeandika kwa Kijerumani. Kadi mpya inaanza chumba cha kwanza, nacho hupitiwa kila siku. Ukijibu sawa inahamia cha pili, kinachopitiwa kila baada ya siku mbili, kisha cha tatu kila baada ya siku nne, cha nne kwa wiki mara moja, cha tano kwa wiki mbili mara moja. Ukikosea, hata kama kadi imefika cha tano, inarudi cha kwanza. Mwenye kusikiliza hifdhi ya mtoto atautambua mpango huu mara moja. Kwa maneno 20 ya wiki, mzigo wa siku hutulia kwenye kadi 20 hadi 30, kazi ya dakika kumi na tano. Safari ya gari kutoka mjini hadi Tunguu inatosha na kubaki.

Mpango huu huharibikia mahali patatu. Pa kwanza ni kugeuza kadi mapema. Mtu anatazama pengo, hapati, anageuza, anasema "ah, nilikuwa nalijua". Hakuwa analijua, alilitambua tu alipoliona, na kutambua hakusaidii mbele ya karatasi tupu ya mtihani. Jibu litamkwe au liandikwe kabla ya kugeuza, na kusitasita kuhesabiwe ni kukosa.

Pa pili ni kutia maneno yanayofanana siku moja. Walimu wengi, tena kwa nia njema, husomesha "adapt" na "adopt" pamoja ili wanafunzi waone tofauti. Matokeo yake huwa kinyume: mawili hayo yanafungamana kichwani na hayaachani tena. Vivyo hivyo "affect" na "effect", "economic" na "economical". Moja lipite vyumba viwili vitatu kwanza, lisimame imara, ndipo mwenziwe aletwe.

Pa tatu ni kuridhika na maana moja ya Kiswahili. Programu za kutafsiri kwenye simu zimelizidisha hili. "Issue" ni suala, lakini katika sheria ni kutoa hati, na katika jarida ni toleo. "Table" kwenye ripoti ni jedwali, "figure" ni mchoro, "mean" kwenye takwimu ni wastani na kwenye kilimo "yield" ni mavuno. "Significant" kwa mtu wa takwimu haina maana ya muhimu. Ina maana kwamba tofauti iliyoonekana ni vigumu kuwa imetokea kwa bahati. Mwanafunzi aliyeandika "muhimu" nyuma ya kadi ataielewa sura nzima ya matokeo kinyume. Kuna na maneno yaliyokwisha hamia kwetu yakabadilika tabia: hoteli kwa wengi wetu ni mahali pa kula, "hotel" ni pa kulala, steshenari kwetu ni duka la kutolea kopi, "stationery" ni karatasi na kalamu zenyewe.

Kuhusu maneno yanayotembea pamoja, usimweleze mwanafunzi nadharia. Mwulize kwa nini tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki na tunapiga kura, na mgeni akisema "nimefanya simu" sote tunacheka. Ataona mwenyewe. Kisha mwambie kwamba kwa Kiingereza yeye ndiye mgeni. Kitenzi chetu fanya kimebeba "do" na "make" kwa pamoja, kwa hiyo "do a mistake" na "make a research" zitamtoka mpaka ayahifadhi maneno kwa jozi: "make a mistake", "conduct research". Soma nayo imebeba "read", "study" na "learn"; azima imebeba "borrow" na "lend"; sikia imebeba "hear", "feel" na "smell".

Sarufi sasa. Makosa ya wanafunzi wetu hayatawanyiki ovyo kama kuku. Yana mahali pake, na mahali penyewe ni pale ambapo Kiswahili na Kiingereza vinaachana njia. Mwalimu anayezijua lugha zote mbili anaweza kuyataja kabla hajaifungua karatasi, na hii ndiyo sababu kubwa ya sisi kusema Kiswahili kitumike darasani badala ya kufukuzwa.

Tazama "the book which I bought it". Hilo si kosa la uzembe. Mwandishi alikuwa na sentensi nzuri kichwani, "kitabu nilichokinunua", ambayo ndani yake mna -cho- ya kurejesha na -ki- ya mtendwa, na zote mbili ni halali. Kiingereza hukubali moja tu: "which" ikishafanya kazi, "it" haina nafasi. Ndivyo inavyozaliwa pia "the students they came late", kwa kuwa kwetu wanafunzi hawaji bila wa-. Ndivyo inavyozaliwa "although it was raining, but we continued", kwa sababu Kiswahili kinaruhusu ingawa ifuatwe na lakini, na Kiingereza huchagua moja kati ya mbili. "Despite of" inatoka kwenye licha ya, "discuss about" kwenye kujadili kuhusu, "emphasize on" kwenye kusisitiza juu ya. Na kiambishi a- hakimjui mwanamume wala mwanamke, hivyo "my mother" ataitwa "he" sentensi inayofuata, na aliyeandika atasoma mara tatu bila kuliona kosa.

Nyakati zinataka subira zaidi. "Nimemwona jana" ni Kiswahili safi. "I have seen him yesterday" ni kosa, kwa kuwa "have" ya namna hii haikubali kukaa na wakati uliokwisha fungwa, kama jana, mwaka jana au 1964. Penye tarehe andika "saw". Kisha -me- ina kazi ya pili ambayo vitabu vya sarufi vilivyoandikwa kwa watu wa mataifa yote haviigusi: huonyesha hali, si tendo. Amelala ni "he is asleep", amechoka ni "he is tired", amesimama ni "he is standing", na ukipeleka "has" katika kila moja utapotea. Upande wa -na- mambo ni hayo hayo. Anasoma ni "he reads" na "he is reading", mwenye kusikia ndiye anayepambanua. Wanafunzi wakishaizoea "-ing" huimwaga kila mahali, ndipo tunaposoma "this chapter is containing" na "he is knowing". Vitenzi vya kujua, kuamini, kumiliki na kuwa na kitu ndani yake havipokei "-ing" kwa maana hizo.

Suali la kukanusha nalo lina mtego wake. Ukiulizwa "Hujalipa ada?" na kweli hujalipa, kwetu jibu ni ndiyo. Kwa Kiingereza ni "No, I haven't". Aliyejibu "Yes" kwenye dirisha la mhasibu mgeni ameshasema amelipa.

Mtihani mkubwa kuliko yote ni "a" na "the". Watu hufundishwa kanuni ishirini, wanasahau zote. Sisi tunaona kanuni moja inabeba nusu ya mzigo: nomino ya kuhesabika ikiwa umoja haikai uchi. Huwezi kuandika "student went to library". Lazima kuwe na kitu mbele yake, "a", "the", "this", "my", chochote. Mwanafunzi akimaliza insha apite na penseli, apige duara kila nomino ya umoja ya kuhesabika isiyo na kitu mbele, basi atakuwa ameshaokoa alama nyingi. Baada ya hapo ndipo achague kati ya hizo mbili, na hapo Kiswahili kinamsaidia tena. Kama kwa Kiswahili angeweza kusema kile au hicho, au kama angetia kiambishi cha mtendwa, nimekisoma kitabu na si nimesoma kitabu, mara nyingi ni "the". Kama angeweza kusema fulani au kimoja, ni "a". Kipimo hiki hakifiki kwenye majina ya mahali: "the Indian Ocean" ina "the", "Lake Victoria" haina, na hayo ni ya kuhifadhi. Wala hakifai kwa neno lisilohesabika. Vifaa vyetu vinahesabika, "equipment" haihesabiki, kwa hiyo hakuna "equipments" wala "an equipment". "Information", "advice", "evidence", "furniture" na "research" ni hivyo hivyo.

Zoezi lake liwe daftari la makosa, lenye safu nne: sentensi niliyokosea, sentensi sahihi, sentensi ya Kiswahili iliyonipeleka huko, na tarehe. Safu ya tatu ndiyo dawa. Wengi huiruka kwa uvivu, wanabaki na daftari la kunakili tu. Kila baada ya insha mbili za maneno 300, hesabu kosa lipi limejirudia zaidi, ulifanyie kazi hilo peke yake kwa wiki mbili. Walimu nao wapunguze wino mwekundu. Karatasi iliyosahihishwa makosa 40 haisomwi. Mwanafunzi anatazama alama na kuikunja. Sahihisha aina mbili tu, zile mlizokubaliana wiki hiyo.

Kuna zoezi jingine, la kale, ambalo tunasikitika kuona limeachwa. Roger Ascham, mwalimu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, alilisifu katika karne ya 16 kwa kusomeshea Kilatini. Chukua aya ya Kiingereza ya maneno kama 100 kutoka kitabu cha somo lako. Itafsiri kwa Kiswahili, ufunge kitabu. Baada ya siku mbili chukua Kiswahili chako ukirudishe Kiingereza, kisha weka maandishi mawili ubavu kwa ubavu. Kila tofauti ipigiwe mstari. Si kila tofauti ni kosa, lakini "the" iliyopotea, "on" iliyochukua nafasi ya "of" na "-ed" iliyoanguka zitakuwa zinakutazama. Zoezi hili hufa kwa sababu mbili. Ama mtu analifanya siku hiyo hiyo, akawa anaandika kwa kukumbuka sura ya aya. Ama Kiswahili chake ni cha neno kwa neno, Kiingereza kilichovaa kanzu, na safari ya kurudi inakuwa haina kilima. Andika Kiswahili ambacho mtu wa Makunduchi au Wete angekisema, hapo ndipo kurudi kutakapokuwa kazi, na kazi hiyo ndiyo faida yenyewe.

Sasa kusoma. Mtafiti Paul Nation wa New Zealand alionyesha kwamba mtu anahitaji kuyajua maneno 98 katika 100 ndipo asome bila msaada. Hilo linapimika kwa kalamu. Fungua ukurasa wenye maneno kama 300, piga nukta kila neno usilolijua. Zikiwa hazizidi sita, hicho ni kitabu cha kusoma kwa wingi bila kamusi. Zikiwa saba hadi kumi na tano, ni cha kusoma aya kwa aya, kamusi mkononi. Zikizidi hapo, kirudishe kwenye rafu kwa sasa. Mazoea ya kuanza na kitabu kigumu kabisa ili "kujikaza" ndiyo yanayowafanya watu wachukie kusoma. Kila sentensi inakuwa kisiki.

Visomo viwe vya namna mbili, na visichanganywe. Cha kwanza ni cha mbio. Msomaji mzoefu wa Kiingereza husoma maneno 200 hadi 250 kwa dakika. Wa kwetu anayesoma 80 akipewa sura ya kurasa 20, kila ukurasa maneno 400, anahitaji saa moja na dakika arubaini. Akifika 160 anamaliza kwa dakika hamsini. Tofauti hiyo, kwa masomo matano, ndiyo inayoamua nani ameisoma sura kabla ya mhadhara na nani ameiomba kwa mwenziwe. Dawa yake ni maandishi mepesi ya maneno 400 hadi 500, mara tatu kwa wiki, saa ya simu ikihesabu. Usirudi nyuma, usitembeze mdomo, usifungue kamusi. Ukimaliza andika dakika, funga, kisha jibu masuali matano. Ukipata yote matano, ongeza mwendo. Ukipata mawili, umekimbia mno.

Cha pili ni cha kuchimba, aya moja kwa nusu saa. Hapa tatizo la wanafunzi wetu aghalabu si maneno, ni mpangilio. Kiswahili hutanguliza jambo lenyewe kisha kikaeleza. Kiingereza cha kitabuni hurundika maelezo mbele na kuliacha jambo mwisho. Mtu akikutana na "coral reef fish population survey" anaanza kutafsiri na matumbawe, anazama. Anzia kulia urudi kushoto: utafiti, wa idadi, ya samaki, wa miamba ya matumbawe. Rundo lote limefunguka, na kwa mpangilio wa Kiswahili hasa.

Sentensi ndefu zinataka kutafutiwa kitenzi kikuu kwanza. "The decline in clove exports observed during that period has been attributed to several factors." Wanafunzi wengi hudaka "observed", wakadhani mauzo ya karafuu yaliona kitu. Kipimo ni Kiswahili: ukiweza kulisema neno kwa -o ya urejeshi, kushuka kulikoonekana, basi hilo si kitenzi kikuu, ni sifa. Endelea mbele. "Has been attributed", kumehusishwa, ndicho. Rudi nyuma umtafute mwenyewe: si "exports", si "clove", ni "decline", na ndiyo maana ni "has", si "have". Sentensi tano za namna hii kwa wiki, zikipigiwa mstari kiima na kitenzi, zinafaa kuliko kusoma kurasa tano kwa kupapasa.

Tunaloomba kwa wakuu wa vyuo ni dogo na halina gharama. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilikwisha kukitanguliza Kiingereza katika hisabati na sayansi tangu darasa la tano, na sekondari inasomeshwa kwa lugha hiyo. Kwa hiyo anayeingia chuo hahitaji kurudishwa kwenye majina ya nyakati kumi na mbili na fasili zake. Pale ambapo somo la stadi za mawasiliano lina saa mbili kwa wiki, muhula mzima una saa 30. Zigawiwe hivi kila wiki: dakika kumi wanafunzi wasikilizane kadi wawili wawili, kumi za kisomo cha mbio, arubaini za aya ya kuchimba, thelathini za njia panda moja tu ya Kiswahili na Kiingereza, na thelathini za kuandika. Darasa likiwa na watu 150, mwalimu hawezi kuwasikiliza wote, lakini chuo cha Kurani nacho hakijawahi kuwa na walimu wa kutosha. Aliyetangulia humsikiliza anayefuata. Mwaka wa pili wawasikilize wa kwanza.

Na mtihani ubadilike. Mradi suali ni "eleza maana ya wakati uliopita timilifu", wanafunzi watahifadhi fasili. Wapeni aya wasiyopata kuiona, dakika ishirini, na masuali yanayowataka waonyeshe kiima na kitenzi cha sentensi tatu, wajaze mapengo kumi kutoka mafungu waliyoyasoma, na wasahihishe aya yenye makosa manane ya aina tulizotaja. Karatasi ya namna hiyo husahihishwa haraka kuliko insha, hata kwa darasa kubwa.

Wasomeshaji wa Kiingereza vyuoni,
Unguja na Pemba